Bunduki ya Mashoto na Nyama Yake ya Kwanza

Ndege wa mpunga hawana heshima kwa mjane. Msimu wa kwanza baada ya kumzika mume wangu walikula karibu nusu ya shamba nikiwa nimesimama humo humo, napiga debe na kupayuka hadi sauti ikanikauka. Kuamia ndege ni kazi ya watu wanne, mmoja kila pembe, na kelele zipokezane. Zamani tulikuwa wanne. Sasa mume wangu yuko chini ya udongo, binti yangu wa kwanza ameolewa Bweremana, anauza vidagaa vya sambaza kando ya ziwa, na wa pili alimfuata dada yake akakaa huko huko. Mimi nikabaki na debe. Nikiwa pembe ya juu, ndege wako pembe ya chini, nikishuka, wanapanda. Nilikuwa nalala na hasira na kuamka nayo.

Binti zangu walikuwa wananiambia kwa simu niuze shamba, nirudi Kalembe kwa ndugu zangu au niende kwao ziwani. Simu naipigia juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, maana mtandao haufiki jikoni, na pale juu kila anayepita njiani anasikia mama anavyogombezwa na watoto wake. Sikutaka kuuza. Mimi ni mtu wa milimani, ni kweli, nimezaliwa katikati ya maharage. Lakini miaka ishirini na mitano nimelima udongo huu wa msituni, na kaburi la mume wangu liko pale mpunga unapoishia. Nikiondoka, nani atafyeka juu yake? Basi nikaamua kununua bunduki ya upepo.

Kwetu huku kitu chochote chenye sura ya bunduki si mchezo. Nilianza kwa shefu wa kijiji, nikamweleza kwamba inasukumwa na springi na hewa, haina baruti, risasi yake ni ndogo kuliko punje ya mahindi, na kazi yake ni ndege. Akaandika karatasi, akapiga muhuri, akaniambia nisitembee nayo barabarani ila imefungwa ndani ya mkeka na karatasi iko mkononi. Nikamshukuru, nikashika njia ya Walikale.

Muuzaji alikuwa mzee mnene mwenye duka la misumari na mabati. Alikuwa nazo tatu, zimelazwa juu ya mifuko ya saruji. Kabla hajanionyesha hata moja, alitaka kujua bwana yuko wapi.

“Mama, ambia Papa akuye mwenyewe, achague.”

“Papa iko mu kaburi,” nikasema. “Leta ile ya kwanza.”

Ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu. Mti wake mweusi unang'aa, na kitako kimechongwa kivimbe cha kulaza shavu. Nikaiweka begani, bega la kushoto, maana mimi ni mashoto tangu tumboni: jembe, panga, mwiko, vyote mkono wa kushoto. Kile kivimbe kikawa upande wa nje, kinatazama barabara, na shavu langu likaangukia mahali patupu. Ili jicho lifike kwenye mstari wa mtutu ilinibidi nipinde shingo kama kuku anayesikiliza.

“Haiwekake vile, Mama. Weka ku bega ya kuume.”

Nikaiweka kulia ili tusigombane. Nyuma ya duka alikuwa na rundo la mchanga wa kujengea, akasimamisha kopo la nyanya mbele yake. Nilipiga mara tatu. Sikugusa kopo, na nadhani mara moja nilikosa hata mchanga. Jicho langu la kulia ni vivu. Linaona, lakini halilengi. Yule mzee alikohoa ili asicheke, nami nikamwambia acheke tu, lakini alete ya pili.

Ya pili ilikuwa na mpini wa chuma ubavuni, upande wa kulia, unaovutwa nyuma kabla ya kila risasi ili kukaza springi. Mtu wa mkono wa kulia anauvuta bila kuhangaika. Mimi ilinibidi niishushe bunduki, niigeuze, niibane kwa magoti, nivute, halafu niigeuze tena na kutafuta upya mahali nilipokuwa nalenga. Kufika hapo ndege ameshakula, ameshiba, amewaita shemeji zake. Nikamrudishia.

Ya tatu hakutaka hata kuitoa. Ilikuwa kuukuu, chuma kimepauka, na kitako chake cha zamani kiliwahi kuvunjika, fundi fulani akachonga kingine kwa mti wa kawaida, bila urembo, sawasawa pande zote mbili. Ni ile ya kukunja: unashika mtutu, unaukunja chini mpaka usikie springi imekaa, unatia risasi, unaunyoosha. Mtutu haujali unakunjwa na mkono gani. Unataka nguvu tu, na mikono yangu imeshika jembe tangu utotoni. Nikaiweka bega la kushoto, shavu likalala, jicho likaingia kwenye mstari bila kutafuta. Risasi ya kwanza ilikosa. Ya pili ikaangusha kopo.

“Ile ni bunduki ya batu benye bamekosa bunduki, Mama,” akasema.

“Basi njo yangu,” nikamjibu. Ndiyo hasa niliyoitafuta.

Nilirudi nimebeba mkeka wangu begani na furaha ya msichana aliyenunuliwa viatu. Ile furaha ilinisindikiza njia nzima ikaniacha mlangoni, kwa sababu ndani hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Niliiegemeza kwenye kiti cha mume wangu. Nikaiambia, “Karibu.” Kisha nikaona aibu, nikaenda kuteka maji ambayo sikuyahitaji.

Sasa niseme juu ya watu wa mume wangu. Ni wawindaji wa msituni. Wanasali kanisani kama sisi, lakini kwa mambo ya silaha wana desturi zao. Silaha mpya, iwe mkuki, wavu au bunduki, mwenyewe hali nyama yake ya kwanza. Anampelekea mtu wa ukoo, na huyo akishakula, ana haki ya paja la kila mnyama atakayefuata, maisha yake yote. Mwenye silaha akitangulia kula, silaha imefunga: utalenga mpaka uzeeke. Mume wangu alikuwa anampelekea dada yake mkubwa. Mimi nilikuwa nacheka. Nilimwuliza siku moja kama dada yake ndiye anayeona mnyama kwanza. Kwetu Kalembe tunaombea chakula, tunakula.

Huyo dada yake, wifi yangu, anakaa ng'ambo ya mto mdogo, si mbali, na hatukuwa tumesemezana tangu kilio. Siku ya tatu ya kilio nilikuwa napakulia watu. Kwa uchovu nilisahau adabu, mwiko nikaushika kwa kushoto kama nilivyozoea jikoni kwangu. Wifi alisimama, akaninyang'anya mwiko mbele ya watu wote, akasema hatakula chakula cha mkono ule siku ya kumlilia ndugu yake. Ndugu yake alikula chakula cha mkono ule miaka ishirini na mitano, tena akanenepa. Ningemwambia hivyo pale pale. Sikumwambia, na tangu siku hiyo lilinikaa kooni.

Vindege vidogo vilishika adabu baada ya wiki moja. Mlio wenyewe ulivitosha. Lakini asubuhi moja, umande bado haujakauka, njiwa aliyenona alitua juu ya kisiki kati ya mpunga, akaanza kujipanga manyoya utadhani yuko kwake. Nilikunja mtutu, nikatia risasi, nikalaza shavu. Akaanguka bila kupiga bawa. Nilisimama pale na bunduki yangu, nikageuka nyuma kumwambia mtu. Nyuma kulikuwa na mpunga.

Ningeweza kumla peke yangu. Nani angejua? Na ndilo lililoniuma, kwamba hakuna ambaye angejua. Kwa miezi mingi nilikuwa nakula nimesimama, kutoka kwenye sufuria, bila sahani, kwa sababu sahani moja ikiwekwa mezani inakutazama. Sitadanganya: sikukumbuka desturi ya watu wa msituni kwa kuiogopa. Niliikumbuka kwa sababu ilinipa ruhusa ya kubisha mlango wa mtu nikiwa na chakula mkononi, bila kuonekana ninaomba kitu. Na katika ukoo ule, mlango uliobaki ulikuwa mmoja.

Nilimchoma manyoya, nikampika kwa mawese, vitunguu na pilipili kidogo. Nilipika kwa uangalifu kuliko siku ya harusi yangu. Nikamtia kwenye bakuli la kifuniko, nikavaa kitenge kizuri, nikatoka. Katikati ya daraja la magogo nikajilamba midomo. Mawese.

Nikasimama. Nilikuwa nimeonja chumvi. Nilimwaga mchuzi kidogo kiganjani, nikalamba, nikaongeza chumvi, nikalamba tena, kama ninavyofanya kila siku ya Mungu. Kwa wawindaji jambo hili haliwezi kutokea: mume anaua, mke anapika, mke anaonja, na hakuna anayemhesabu mke. Lakini hapa mwindaji alikuwa mimi, mpishi mimi, mwonjaji mimi. Waliotunga ile desturi hawakufikiria nyumba ya mtu mmoja. Nilitazama maji yakipita chini ya magogo. Nikirudi, nimerudi kwenye sufuria yangu. Nikaamua nitanyamaza, nikavuka.

Wifi alikuwa amekaa mlangoni, anachambua maharage ya kuuza kwenye ungo. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotegemea. Aliniitikia hodi bila kuinua kichwa.

“Nilinunua bunduki ya upepo,” nikasema. “Hii njo nyama yake ya kwanza. Nimekuletea.”

Aliendelea kuchambua. “Ni nani alikuambia unipe mimi?”

“Ndugu yako alikuwa anakupa.”

Hapo akaweka ungo chini. Nikamnyooshea bakuli kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyelelewa vizuri, na mkono wa kulia, ambao haujazoea kubeba chochote cha maana, ukaelemewa, kifuniko kikateleza. Mchuzi ukaruka kwenye kitenge chake.

“Leta na ile yenye iko na nguvu,” akasema. “Utamwanga yote.”

Nikahamisha bakuli mkono wa kushoto. Alilipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akatoka na muhogo wa kuchoma uliobaki asubuhi na maji ya kunawa. Aliniambia nikae, akanionyesha kiti kimoja kidogo. Alinawa. Alinyofoa paja la njiwa, akaliinua, na mimi ambaye nilikuwa nimeamua darajani kunyamaza nikashindwa.

“Wifi, ngoja. Nilionja chumvi. Mara mbili. Nilikumbuka ku daraja.”

Mkono ukabaki hewani. Nikajua nimeharibu: sasa ataweka nyama chini, nami nitabeba bakuli langu kurudi, tutakuwa maadui mpaka mmoja azikwe. Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

“Basi bunduki imefunga,” akasema.

“Njo vile.”

“Na mapaja yenye nilipashwa kupata, haiko tena.”

“Haiko.”

Nilisikia anatafuna. Nilipoinua macho, alikuwa anakula polepole, anatazama njia, si mimi.

“Kama mambo ya desturi imekwisha kuharibika,” akasema, “wewe ulijua ku njia. Ungerudi kwako. Ulikuya juu ya nini?”

Nilitafuta jibu lenye heshima. Nilifikiria kumtaja marehemu, nilifikiria kumtaja Mungu. Kooni mwangu mlikuwa na maneno mengine kabisa, na yakatoka bila kuulizwa.

“Nimechoka kula peke yangu.”

Alisukuma bakuli likakaa katikati yetu, akakata muhogo, akaweka kipande upande wangu. Tukila, aliniambia kwamba tangu watoto wake waende Kisangani aliacha kupika. Anachoma muhogo, anautafuna akitembea uani, siku imepita. Alisema hayo kama mtu anayetaja hali ya mvua. Tulikula mpaka mifupa, tukainyonya na mifupa, na hakuna aliyezungumzia kilio.

Nilipokuwa nafunga bakuli langu tupu ndani ya kitambaa, aliniuliza kama nitapita tena kesho. Nikamwambia kwamba kwa bunduki iliyofunga sijui kama nitapata kitu cha kuleta.

“Ata kama haukupata kitu,” akasema, akivuta ungo wake wa maharage, “ukuye vile vile.”