Kinga Iliyopimwa kwa Miguu ya Papa Amisi

Jamani, kuna zawadi za kumtesa mutu! Madame Jeannette, mwalimu wa darasa la sita upande wa Lusangi, ni mfupi. Hafiki bega la mumewe. Zamani alitembea kilomita zake tisa kwa miguu, na alifika mapema. Ndipo wazazi wa wanafunzi, kwa moyo safi kabisa, wakachanga wakamletea kinga mpya kutoka Kasongo, baiskeli ndefu kama ngazi.

Akiketi, vidole havigusi pedali. Akisimama, chuma cha katikati kinamuumiza. Alipanda penye kichuguu tu, na kushuka kwake kulikuwa kuanguka. Magoti yanatoka damu, shuleni anafika kengele imeshapigwa, na watu njiani wanashangilia: "Madame iko na kinga!" Aiache nyumbani? Zawadi ya kijiji haiachwi ukutani, walioitoa watakasirika.

Jumatatu direkta wa shule akamwambia wazi: akichelewa tena, darasa la sita atapewa mwalimu mwenzake, Célestin. Watoto aliowafundisha tangu mwaka wa tano, na mtihani umebaki wiki mbili! Hapo uvumilivu ukamwishia. Akaisukuma kinga moja kwa moja mpaka kwa Papa Amisi, mwenyekiti wa wazazi, akamkuta amekaa na kamati yake nzima.

"Papa, hii kinga mulipima kwa nani?"

"Kwa miye," akajibu Amisi, pande la mutu. "Mukubwa wa kamati."

"Sasa miguu yako ndiyo inaenda kufundisha?"

"Tungefanya nini, Madame? Muuzaji alisema kipimo ni kamba, toka kisigino mpaka... mpaka kule juu. Nani angemupima bibi ya mutu kule?"

"Si mungemuuliza bwana yangu!"

"Tumuulize bwana yako habari ya miguu yako? Atupige?"

Mungu wangu, heshima yao itamuua huyu mama! Jeannette akachukua kamba ya mbuzi iliyokuwa pale, akakanyaga ncha moja kwa kisigino, akaivuta juu ya kitenge mpaka penyewe, akapiga fundo. Wanaume wote wakageukia ukuta.

"Mumeona?"

"Hatukuona kitu, Madame!"

Akamtia Amisi kamba mkononi. "Rudisha kinga Kasongo, ulete ya kamba hii. Mpaka urudi natembea kwa miguu, na mutu asiniulize."

Amisi, macho chini, akapanda baiskeli palepale akaondoka bila kuaga. Ilimkaa vizuri ajabu.