Beki Aliyeuzwa Sabato

Mwanzoni niliipenda sana ile programu ya simu. Mdogo wangu ndiye aliyeileta nyumbani. Pale sebuleni kwetu Gesima tulikuwa na mashine ya michezo ya video tuliyoinunua pamoja, yeye kwa mshahara wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, mimi kwa wangu wa ualimu, na humo ndani tulikuwa na timu yetu ya mpira. Siku moja akaniambia niweke programu ya mchezo ule kwenye simu yangu. Ningeweza kupanga kikosi, kununua na kuuza wachezaji popote nilipo, bila hata kuwasha televisheni. Nikaona sasa maendeleo yametufikia.

Na kusema kweli ilitufaa. Huku kwetu mvua ikinyesha stima inatoweka kama mgeni aliyeonyeshwa jembe, na zamani tukikaa gizani tulibaki kulaani tu. Sasa giza halikunisumbua. Likizo nikiwa kwenye foleni ya kupima majani chai, kikapu mgongoni, nilipanga safu ya ulinzi hadi zamu yangu ikafika. Akina mama waliokuwa nyuma yangu walidhani nasoma Biblia kwa simu, wakanisifu kwa mama yangu.

Lakini kizuri hakikosi kasoro, na programu hii ilikuwa na kasoro mpaka nywele. Intaneti ya simu ilipatikana nyuma ya choo tu, karibu na mparachichi; ile ya antena ya paani iliingia kwa waya kwenye mashine peke yake. Kila baada ya siku chache programu ilitaka kusasishwa, ikala bando nililonunua kwa ajili ya kazi ya shule. Ilidai neno la siri kana kwamba mimi ndiye mwizi, halafu ikatuma tarakimu za kuthibitisha, nazo zikafika muda wake umekwisha. Nilikuwa nikisaga meno. Hayo yote hata hivyo ningeyavumilia, kwa sababu simu inayosumbua ni jambo la kawaida. Kilichonichoma ni kwamba ilianza kumla mdogo wangu.

Sisi ni Waadventista. Ijumaa jua likitua televisheni inazimwa, na haiguswi mpaka jua la Jumamosi litue, baba aombe sala ya kufunga Sabato. Mdogo wangu alisali mjini asubuhi, jioni akawa amefika nyumbani kwa sala hiyo. Kisha baba mwenyewe aliwasha mashine. Pedi ya kuchezea hakuwahi kuishika, alisema vidole vyake ni vya kuchuma chai, lakini kiti chake kilikuwa kiti cha kocha. Tulikuwa tunabishana sisi watatu nani aanze, nani akae benchi, huku mama akituuliza kama hao watu tunaowapigania wametuma salamu. Ubishi huo ulikuwa mtamu kuliko mechi yenyewe.

Baba alikuwa na mtu wake. Beki mmoja mwenye upara, mzito kugeuka, ambaye alimwita Omogaka, yaani mzee. "Huyo hana haraka ya bure," alikuwa akisema. "Anangoja ujinga wa wengine." Omogaka akizuia bao, baba alijipigia makofi mwenyewe kana kwamba ndiye aliyemzaa.

Basi programu ikaja, na mdogo wangu akaanza kufika nyumbani na kikosi kilichokwisha kupangwa. Alikuwa amekipanga wakati wa chakula cha mchana dukani. Kubishana kukaisha, maana utabishia nini kitu kilichoiva? Kisha akaanza kufika tukiwa tumeshaomba. Kisha akaruka wiki moja, akasema hakuna shida, timu anaiangalia kwa simu. Nilimwambia timu haijalalamika, wanaolalamika ni watu. Akacheka.

Jumamosi moja hakuja tena. Baba aliomba, akawasha, tukakaa. Majina ya wachezaji yalipopangwa kwenye kioo, mahali pa Omogaka palikuwa na kijana mwenye nywele za rangi.

"Omogaka ameumia?" baba aliuliza.

Nilitoka nje nyuma ya choo, nikafungua programu, nikarudi na jibu. Ameuzwa. Ameuzwa leo saa sita, sisi tukiwa kanisani.

Nilidhani baba atakasirika kwa ajili ya Sabato. Hiyo aliitaja mara moja tu akaiweka kando. Kilichomshika kilikuwa kingine. "Ng'ombe ya boma haiuzwi na mtu mmoja," alisema.

Kwetu ndivyo ilivyo. Ng'ombe akitaka kuuzwa, tunaketi. Anaulizwa mama anayemkamua, anaulizwa anayemkatia majani, hata mtoto anaulizwa, ingawa kila mtu anajua baba ameshaamua. Nilitaka kucheka, kwamba baba yangu anaitisha kikao cha ng'ombe kwa ajili ya picha ya mtu mwenye upara. Nikamwangalia usoni, kicheko kikanikauka. Aliniambia nimpigie simu mdogo wangu, niweke sauti kubwa.

"Tata," mdogo wangu alisema, maana ndivyo tunavyomwita baba, "huyo alikuwa anatuchelewesha. Na bei yake ilikuwa imepanda. Nikitaka naweza kununua mwingine saa hii, dakika mbili tu."

"Mimi sijauliza bei. Uliuliza nani?"

Dukani kwake redio ilikuwa inaongea.

"Ni mchezo tu, tata."

"Najua ni mchezo. Jumamosi kuja tukae, tuongee."

"Nitakuja."

Wiki nzima nilikuwa na hasira na kile kitufe cha kuuza. Nilifungua programu nikakitazama. Kabla mchezaji hajaenda, programu inauliza: una uhakika? Inamuuliza mmoja tu, aliyeshika simu. Aliyeitengeneza hakuwa na baba anayekaa kwenye kiti, wala dada. Na mdogo wangu, aliyelelewa kwenye vikao vile vile nilivyolelewa mimi, alijibu ndiyo akaendelea na siku yake.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa ameshachinja jogoo Ijumaa mchana, na huyo jogoo hakuchinjwa kwa ajili yangu. Jua lilipotua tu, kabla ya sala, simu ikaita. Mdogo wangu alisema kazi imemzidi, kesho alfajiri kuna lori la simiti, lazima alale mjini, na hata sasa yuko stoo anahesabu magunia, hana hata nafasi ya kukaa. Baba alisema kazi ni kazi.

Tukafunga Sabato watatu. Baba akawasha mashine, nikachukua pedi. Nilikuwa nacheza vibaya kwa makusudi upande wa yule kijana wa nywele za rangi, nikidhani baba atafurahi, lakini hakuwa akitazama kwa moyo. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu kioo kikaganda, maandishi yakatokea, mechi ikafutika.

"Imeharibika?" baba aliuliza.

"Haijaharibika. Timu ni moja, na hiyo app haikubali watu wawili waishike pamoja. Mtu akifungua soko la wachezaji kwa simu, wa mashine wanatolewa."

"Na simu yako iko wapi?"

Ilikuwa mezani mbele yake, imezimwa.

"Basi nani amefungua?"

Nikamwambia. Mwingine mwenye neno la siri ni mmoja tu. Mama, aliyekuwa akiingia na sahani, alisimama mlangoni.

"Saa hii?" baba aliuliza.

"Ndiyo, tata. Saa hii ako sokoni anatafuta wachezaji."

Baba alikigeukia kile kioo kitupu.

"Kumbe nafasi anayo," alisema.