Bastola Iliyobaki Columbus

Niliondoka Shively, Kentucky, kwa sababu mlango wa mdogo wangu Furaha ulivunjwa mara ya pili. Mara ya kwanza walichukua televisheni. Mara ya pili hawakukuta cha kuchukua, wakamwaga unga sakafuni na kwenda zao. Furaha anaishi Buffalo, jimbo la New York, mtaa wa Lower West Side. Kazi yake ni kutunza wazee, na mume wake anaendesha lori, hulala njiani siku nne au tano kwa wiki. Aliponipigia simu sikumwacha amalize. Nilimwambia, "Tulia. Nakuletea bastola."

Ninyi mnaosoma mkiwa Uvira au Bujumbura, msishtuke. Hapa Kentucky mtu mwenye karatasi safi huingia dukani akanunua bastola kama anavyonunua jiko. Yangu niliinunua mwaka jana. Ni ndogo, ya chuma kitupu, imetengenezwa Poland kwa ajili ya maofisa wa jeshi lao, kisha ikakaa ghalani miaka mingi mpaka ikaletwa huku kuuzwa rahisi. Ilifungwa kwenye karatasi ya nta, imejaa grisi nzito ya rangi ya asali. Wateja wengine waliikimbia kwa uchafu ule. Mimi naunganisha mashine za kufulia kiwandani, na grisi haijawahi kunitisha. Niliomba tochi, nikachungulia ndani ya mtutu: ile mistari inayoizungusha risasi ilikuwa bado mikali. Nikalinganisha namba zilizochongwa kwenye chuma: zilifanana juu na chini. Nikalipa.

Aliyenifundisha mambo ya silaha ni mzee Dale, tunayesimama naye kwenye mstari mmoja kiwandani. Alikuwa mwanajeshi ujanani. Aliniambia kuwa silaha chakavu ya jeshi haihitaji mapambo, inahitaji springi. Na kweli, kifyatulio cha ile bastola kilikuwa kizito hata kidole kilitetemeka kabla risasi haijatoka. Nikaagiza springi nyepesi, bei yake haifiki ya kuku wawili. Mpini wa plastiki ulikuwa umepasuka, nikaweka wa mbao. Kile kijiti cha mbele cha kulengea kilikuwa cheusi, hakionekani, nikakipaka rangi ya kucha ya chungwa. Baada ya hapo niliweza kupiga sahani ya karatasi mara tano kati ya sita, na Dale akaacha kunipa mawaidha.

Sasa niwaambie kwa nini niliona bastola yangu ni ya Furaha pia. Tumezaliwa watatu: mimi, Rukundo na Furaha. Baba na mama walifariki mwaka mmoja, nami nikaacha shule darasa la sita. Tangu hapo kila kitu chetu kimekaa mkononi mwangu: kadi ya chakula kambini, karatasi za ukimbizi, funguo. Kule kwetu milimani, baba alikuwa na dume moja zuri la ng'ombe. Lilikaa msimu mmoja kwetu, msimu mmoja kwa baba mdogo, msimu mmoja kwa baba mkubwa. Hakuna aliyeuliza dume ni la nani. Niliona bastola itakwenda vivyo hivyo: kwanza Buffalo kwa Furaha, halafu Columbus kwa Rukundo, halafu irudi kwangu.

Furaha, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, alijaribu kunizuia. "Yaya, huku New York wanasema kuna kibali."

"Hayo niachie mimi," nilimjibu, kama nilivyomjibu baada ya mlango kuvunjwa mara ya kwanza.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, nilitoka. Bastola ilikuwa tupu, ndani ya kisanduku cha kufuli, nyuma kabisa kwenye buti. Risasi zilikuwa mbali nayo kwenye boksi lake. Hivyo ndivyo Dale alivyonielekeza kwa safari ya Ohio. Habari ya Buffalo sikumwambia, kwa sababu nilijua atakuwa na neno.

Cincinnati nilivuka daraja la mto saa nne kasorobo. Upande wa pili ni Ohio, na barabara inanyooka katikati ya mashamba ambayo mwezi wa nne bado hayajapandwa, meusi, sawasawa kama meza. Nchi isiyo na mlima hunichosha macho. Nilikunywa chai yangu ya chupa nikaendelea.

Columbus nilifika adhuhuri. Rukundo alikuwa ametoka ghalani anakofanya kazi ya kupakia mizigo, amelala na viatu. Ana miaka thelathini na moja na bado huniamkia kama mtoto. Nilimwonyesha bastola mezani, tupu. Akaigeuza mikononi, akaona ile rangi ya chungwa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Yaya! Umeipaka rangi ya kucha? Mwizi atauliza saluni iko wapi."

"Atauliza akiwa amelala chini."

"Bon, sawa. Na kucha za miguu iko nazo pia?"

Nilimwambia avae koti twende dukani. Ile bastola ilikuwa na tabia ya kukwama kwenye risasi ya pili, na Dale alidhani springi kubwa, ile inayozunguka mtutu, imechoka. Sikutaka Furaha akabidhiwe kitu kinachokwama.

Saa nane mchana tulikuwa kwenye duka la silaha karibu na barabara ya mzunguko. Mwenye duka ni mzungu mwenye ndevu, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni. Aliifungua bastola yangu kwa upole, akasifu mpini, akasifu hata rangi. "Kazi safi," akasema. "Nani alikufanyia?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi wewe njoo nikuajiri. Springi hii imekwisha. Ninazo, lakini kuna foleni. Unaihitaji lini?"

"Leo. Kesho naipeleka Buffalo kwa mdogo wangu. Itakaa kwake miezi michache, halafu itakuja kwa huyu."

Yule mtu aliweka bisibisi chini. Akavaa miwani. "Mama," akasema, "hebu rudia."

Nilirudia. Nikaona hajaelewa, nikamweleza habari ya dume la baba, msimu kwa msimu. Alisikiliza hadithi yote, hata akauliza dume lilikuwa na rangi gani. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa dawa: "Hadithi nzuri. Lakini bastola si dume. Huyu ndugu yako ni mkazi wa Ohio, wewe wa Kentucky. Huwezi kumwachia tu. Na New York ni mbaya zaidi. Ukivuka mpaka ule, hicho kisanduku ni jela, kwako na kwa mdogo wako. Kule hata kuwa nayo nyumbani ni lazima uwe na kibali chao. Una pasipoti ya hapa?"

Nikamwambia nina mahojiano ya uraia mwezi ujao.

"Basi usiuharibu kwa kisanduku hiki," akasema. Alinitazama juu ya miwani.

Rukundo akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Yaya, donc, kumbe Furaha alisema kweli."

Nilitaka kubishana. Nimezoea kubishana na watu wa madirisha ya ofisi, na mara nyingi hushinda kwa kutoondoka. Lakini nilifikiria Furaha amefungwa pingu kwa kitu nilichompelekea mimi. Nikamwomba yule mtu anishauri. Akasema duka linaruhusiwa kupokea silaha ya mtu wa jimbo lingine kwa matengenezo na kumrudishia mwenyewe. Akapendekeza aniandikie risiti, abaki na bastola, aweke springi, niichukue nikirudi.

Nikasaini. Niliiacha Columbus, na nilipotoka nje mkoba wangu ulikuwa mwepesi vibaya.

Jumamosi nilishika njia ya kaskazini alfajiri, peke yangu. Kupita Cleveland barabara inafuata ziwa, na baada ya Erie kuna mashamba ya mizabibu pande zote mbili, vijiti vikavu vimefungwa kwenye waya kwa mistari. Saa sita hivi nilipita kibao cha New York. Nilikuwa na unga wa muhogo, blanketi na jozi mbili za soksi za sufu. Hata hivyo moyo ulipiga nilipopishana na gari la polisi, nikajua jinsi ningepigwa na hofu kama kile kisanduku kingekuwa nyuma.

Buffalo nilianzia Grant Street, kwa sababu siwezi kuingia kwa mtu bila kitoweo. Nilinunua majani ya muhogo ya sombe, mawese na dagaa wa ndagala kwa mama mmoja Mrundi, naye aliposikia jina la Furaha akaongeza ndagala kiganja kizima. "Yule binti ni mtu," akasema.

Furaha alifungua mlango kwa kusogeza kwanza kiti, kisha meza. Fremu ilikuwa imepasuka kuanzia kwenye kitasa hadi chini. Tulikumbatiana. Halafu akatazama mkoba wangu.

"Iko wapi?"

"Haikuja. Imebaki Columbus. Sheria imekataa."

Alipanga vyakula kwenye friji. Nilidhani atalia. Alifunga friji, akageuka.

"Yaya, mlango ulipovunjwa mara ya kwanza, niliuliza kazini habari ya kibali. Wakanionyesha ofisi iko wapi. Nikakupigia, ukasema niache, hayo ni yako. Nikaacha. Ningekuwa nimeomba siku ile, sasa ningekuwa karibu kukipata. Nimelala na hii meza mlangoni kwa sababu ulisema niache."

"Sikujua kama ulishaonyeshwa ofisi."

"Haukuuliza! Wewe hauulizi. Wewe unabeba."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo nikiwa na mtungi wa mawese mkononi. Niliuweka chini. Nilikuwa na majibu mengi, yote ya zamani, ya kambini, ya nani alipika na nani alisoma. Sikutoa hata moja. Nikamwambia, "Umesema kweli. Nisamehe." Akajifuta uso kwa kanga, akasema twende tutazame mlango kabla duka la vifaa halijafungwa.

Kufikia magharibi tulikuwa tumeumaliza. Mwenye nyumba alipigiwa simu, akasema fanyeni tu. Nilitoa zile skrubu fupi zilizoshika kitasa: ndogo kama punje za mchele, zimeshika ubao wa juu tu. Nikaweka za inchi tatu zinazofika kwenye nguzo ya ukuta, kipande cha chuma juu ya ufa, na komeo jipya nene. Nilimwachia Furaha drili kwenye bawaba. Alitoboa tundu la kwanza upande, akatukana kwa Kifaransa, la pili likanyooka. Kisha nikatoka nje, akafunga, nikapiga mlango kwa bega kwa nguvu zangu zote. Mlango haukusogea. Ndani nikamsikia anacheka: "Mwizi, rudi kesho!"

Jumatatu asubuhi tulikwenda mjini kuchukua fomu za kibali. Karatasi zinataka watu wanne wa kushuhudia tabia yake. Nilichukua kalamu niandike jina langu liwe la kwanza. Furaha akaninyang'anya.

"Wewe ni ndugu, na haukai huku. Hautakiwi."

Akaandika mwenyewe, bila kufikiri sana: msimamizi wake wa kazi, mke wa mchungaji, jirani wa juu, na yule mama Mrundi wa Grant Street. Nilisoma yale majina manne. Watatu sikuwahi kuwasikia. Miaka yote nilidhani mdogo wangu yuko peke yake Buffalo, kumbe upweke huo ulikuwa kwenye simu yangu tu. Kibali kitachukua miezi. Atasubiri nyuma ya mlango unaofungwa.

Jumanne nilirudi Columbus saa tisa alasiri. Rukundo alikuwa ananingoja nje ya duka, amevaa shati la kanisani.

"Yaya, nimekuja kununua yangu," akasema. "Nimeweka akiba. Ila usisaidie."

Mwenye duka alinirudishia bastola yangu, ameijaribu, haikwami tena. Nikaifungia kwenye kisanduku chake. Kisha akapanga mbele ya Rukundo bastola tatu za jeshi, zote zimetumika. Moja ilikuwa inang'aa kama kijiko cha harusi. Niliiona mara moja: imepakwa rangi upya kuficha kutu, namba za juu na za chini hazifanani. Rukundo akaishika hiyo hiyo. Mdomo wangu ulifunguka, nikaufunga. Akaigeuza. Akaomba tochi. Akachungulia muda mrefu, akasoma namba kwa kidole, akairudisha. Akachukua ya mwisho, mbaya kuliko zote, mpini umeliwa, chuma kimekwaruzwa na mfuko wa askari fulani.

"Hii," akasema. "Mtutu wake uko safi. Mpini nitachonga."

Mwenye duka akatoa fomu, akaweka kidole kwenye swali moja. "Unainunua wewe, kwa ajili yako mwenyewe?" Alimuuliza Rukundo, lakini alinitazama mimi.

Nimejibu maswali ya Rukundo tangu ana miaka saba. Nimemjibia kwa madaktari, kwa maofisa wa kambi, kwa walimu. Nilitazama dari.

"Ndiyo," akasema Rukundo. "Ni yangu."

"Na huyu mama?"

"Ni mkubwa wangu. Amekuja kuchukua ya kwake."

Akaanza kuandika. Rukundo huandika polepole, herufi moja moja, na hurudi nyuma kusoma. Kujaza fomu ile kulichukua karibu saa nzima. Kando ya dirisha palikuwa na kiti. Nikakaa.