Asiyeruhusiwa Kulala

Miaka ya tisini, kwenye chumba kimoja cha Mikocheni, nyuma ya kiwanda cha unga, mimi na kijana mmoja wa kusini tulikuwa tukiandika kiini cha mfumo wa kompyuta wa kuendeshea mashine za pale. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu ya kompyuta kwa kila programu inayoomba. Tuligombana juu ya jambo moja: kumbukumbu ikiwa imekwisha, mwombaji aambiwe nini?

Mimi nilitaka alazwe, asubiri mpaka mwingine arudishe. Yeye alitaka ajibiwe papo hapo, ipo au haipo, akaendelee na hamsini zake.

"Nyie watu wa pwani, mngelipwa kwa kusubiri mngetajirika," alinitania.

"Mvumilivu hula mbivu."

"Zikishaoza je?"

Siku moja mashine ikaganda. Sehemu inayopokea ishara za mizani iliomba kumbukumbu, ikalazwa kwa utaratibu wangu, kumbe yenyewe ndiyo iliyopaswa kuwarudishia wengine kumbukumbu. Wote wakalala wakimsubiri aliyelala. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha tukatengeneza njia mbili: ya kusubiri, na ya jibu la papo hapo kwa yule asiyeruhusiwa kulala. Nilimpenda siku ile. Hakusema nimekosea, alisema tumepata.

Baadaye akapata nafasi ya masomo ng'ambo, na kabla ya safari akatuma washenga kwetu Mwananyamala kuniposa. Kwetu posa haijibiwi siku ileile, hata kama nyumba nzima imeshafurahi. Wageni huambiwa, "Tumesikia, tutawaita," kisha huachwa wiki kadhaa, majirani wasije wakasema binti alikuwa amewadodea wazazi. Na binti mwenyewe hatoi neno kabla ya wazee.

Nilimwomba mama waharakishe. Akanitazama kama niliyevua kanga barabarani.

"Mwanangu, mwali hatolewi kama andazi."

Kazini kijana naye hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mie nasafiri. Nambie basi, hata hapana."

"Wazee bado hawajasema. Vuta subira."

Akageukia kompyuta yake. Nilitamani kumshika mkono. Nilidhani ameshatuzoea, anajua kwamba kwetu anayekataliwa huambiwa mapema, na anayesubirishwa ndiye anayetakiwa.

Hatimaye washenga wakaitwa, nami wiki nzima nilikuwa nimezuiwa nyumbani, siendi kazini. Nilikuwa chumbani kwa bibi, udi unafuka, sikio nimelibandika mlangoni. Nikamsikia baba akisema tumekubali, na moyo wangu ukajaa hata nikaogopa watausikia sebuleni.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mshenga mkubwa akakohoa.

"Wazee wenzangu, mtuwie radhi. Kijana kaondoka Jumapili. Alijua mmemkataa."

Nina wajukuu sasa, na mume niliyezaa naye alikuwa mtu mwema. Lakini nikibaki peke yangu nyumbani, humwambia yule kijana ndiyo, kwa sauti kabisa.