Kompyuta Iliyonyimwa Kujisafisha

Kompyuta yetu pale Kisumu haikuwa na makuu. Ilitaka kuachwa peke yake ikiwa inawaka, ijikague, ijisasishe, itupe takataka zake. Mtu akirudi anaikuta nyepesi. Bahati mbaya ilikuwa ikiishi na mama yangu.

Kwa mama, kitu cha umeme kisichotumiwa huzimwa ukutani. Kukizima kwa kitufe chake hakuhesabiki. Akishazima, anaifunika vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, eti vidudu vya ziwani visiingie. Viliingia. Kila nilipoifungua kwa bisibisi nilikuta makaburi.

Basi mashine haikupata faragha hata siku moja, na kisasi ikalipiza kwangu. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule. Nikikaa tu, inakumbuka usafi wake wote ulioahirishwa: feni inanguruma kama trekta la miwa kule Muhoroni, mshale unaganda, nami natukana mpaka majirani wanafunga dirisha. Nililaumu mtandao, nikalaumu fundi aliyetuuzia. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Nikajiona mjanja. Waliotengeneza mashine walikuwa wameipangia usafi usiku wa manane, saa ambayo kwetu hata redio ilikuwa imechomolewa. Nikauhamishia Jumapili, wakati wa ibada, maana mchungaji wetu akisema anamalizia ndiyo kwanza anaanza. Nikaondoa vitambaa, nikaiacha inawaka, nikamfuata mama kanisani kama mtoto mwema. Tuliporudi akatangulia sebuleni, akaona taa zinapepesa na kiti kitupu. Akachomoa. Jumapili iliyofuata alitoka katikati ya mahubiri kwenda chooni, na choo chenyewe kikawa sebule yetu, ng'ambo ya barabara.

Siku hiyo nilimkasirikia kweli. Nilimuuliza mashine imemkosea nini. Nikamweleza kwamba inajisafisha tu, inatupa takataka.

"Na nani ameiambia takataka ni gani?"

Nikasema inajua yenyewe.

"Hata wale watu wa Bondo walijua wenyewe," akasema. "Nilikuwa tu jikoni, nyathina, mwanangu. Nilitoka nikapata wamemaliza."

Mwaka huo tulikuwa tumemzika dada yake mkubwa huko Bondo, kwa wakwe zake. Mama alikuwa akisugua masufuria ya matanga wakati wengine wakigawana nguo za marehemu, kama desturi ilivyo. Kugawana hakukumuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba waliendelea kufagia, na albamu ya picha ikachomwa nyuma ya nyumba pamoja na godoro bovu. Hakuna aliyemuuliza. Picha za dada yake zilizobaki duniani zilikuwa ndani ya kompyuta ile, na mimi nilikuwa nikiipangia saa ya kutupa vitu akiwa hayupo. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Ningeweza kumwapia kwamba picha haziguswi. Badala yake nilizinakili zote kwenye flashi nikampa. Akaifunga kwenye pindo la leso, pale anapofunga noti, akavuta fundo kwa meno.

"Sasa washa," akasema. "Lakini mimi nakaa hapa."

Nikaiamuru ianze papo hapo. Tulikaa mbele yake wawili, yeye mikono mapajani kama yuko kliniki, mpaka feni ikatulia. Akataka kuona kama walio pichani bado wapo. Nikamfungulia picha moja: dada yake mlangoni petu, gauni la manjano, mdomo umejaa samaki, anamkataza mpiga picha kwa kidole.

Mama akaisogelea skrini.

"Hiyo gauni siku hizi inavaliwa na mke wa shemeji yake," akasema. "Inamkaba hapa kwa kifua, na hataki kuitoa."

Tulicheka mpaka yeye akalia. Akajifuta machozi kwa pindo lile lenye flashi, akainuka, akaizima kompyuta ukutani.