Nyanya za no-till Kasoli: mama mkwe alivyowafukuza ng'ombe wake mwenyewe

Wakuu, mwangaluka. Nina furaha nashindwa hata kukaa, acha niwape hii ikiwa ya moto. Sijatia chumvi, anayebisha aje Kasoli aone.

Mimi nazunguka na wakulima wa mboga huku Bariadi, nawashawishi waache kutifua shamba. Ndiyo no-till yenyewe: hulimi, unafunika udongo kwa majani makavu, unachimba kashimo ka mche tu. Unyevu unabaki chini.

Kusema rahisi. Huku kwetu Usukumani shamba lisilolimwa maana yake mwenyewe mvivu, basi.

Aliyenikubalia ni mmoja tu, Mama Holo. Na kipande chenyewe si chake, ni cha mama mkwe wake, na hana pengine pa kupanda. Bibi akamwambia mbele yangu, "Mama Holo, nyanya zikifa narudisha pamba yangu hapa."

Tukatandaza majani ya mpunga. Majirani wakipita wanatucheka, eti tumezitandikia nyanya kitanda. Bibi hakucheka, alinuna.

Sasa wakuu, jua likawaka. Sio mchezo. Bustani zilizolimwa vizuri zikanyauka, za Mama Holo kijani tu!

Siku moja nikamkuta bibi kainama, kafunua majani, kidole kiko kwenye udongo. Udongo mbichi. Aliponiona akafunika, akaondoka. Nilitamani kucheza pale pale.

Ila kuna kitu. Huku nafaka ikishavunwa, majani makavu ni ya ng'ombe wa kila mtu, popote yalipo. Ukiwafukuza wewe mchoyo, utasemwa mpaka mnadani.

Basi shemeji yake Mama Holo, mtoto wa bibi, akaja na kundi zima la ng'ombe wa nyumbani kwao.

"Shemeji, mmetuwekea chakula," akasema anacheka, hana hata ubaya.

Mama Holo kaolewa pale, aseme nini? Mimi mgeni. Ng'ombe wa mbele anavuta majani, anang'oa na miche. Moyo uliniuma jamani.

Bibi akatoka jikoni na fimbo, akamchapa yule ng'ombe puani. Ng'ombe wake mwenyewe!

"Mayu, si majani tu haya?" mwanawe akamshangaa mama yake.

"Hayo siyo majani. Hilo ndilo jembe letu. Toa ng'ombe."

Akawatoa. Tukapoteza mstari mmoja tu, mingine ikazaa mpaka matawi yakainama.

Nilichojifunza: kwenye nchi ya ng'ombe usimshawishi mwenye jembe peke yake. Mshawishi na mwenye fimbo.

Mliojaribu no-till kwa wafugaji, majani mnayalindaje? Mwageni maujuzi, maana nina haraka. Leo asubuhi bibi kaniita, kasema kile kipande sasa ni cha Mama Holo moja kwa moja, na yeye anataka nikamwonyeshe pa kuanzia kwenye shamba lake la pamba.