Nilivyopanda Mlima Nyuma ya Nsimire

Niliondoka Durban kwa sababu ya simu ya binti yangu, Nsimire. Anafanya kazi kwenye ranchi moja juu milimani, karibu na Lesotho, ambako wageni wanakuja kutembea na ski kwenye theluji. Tangu afike alikuwa jikoni. Sasa akaniambia, "Maman, Jumamosi natangulia wageni. Bosi atakuwa nyuma ananiangalia. Nikiweza, kazi ya kuongoza ni yangu. Nikishindwa, narudi kwenye masufuria." Nikafunga saluni, nikachukua Biblia, blanketi na chupa ya mafuta ya maombi.

Ijumaa asubuhi nilipanda taxi mjini, zile kombi za abiria. Mpaka Maritzburg watu walikuwa wamefungua madirisha. Baadaye majani yakawa ya njano, kisha meupe. Mama mmoja Mzulu pembeni yangu akaangalia ndala zangu. "Eish, mama, huko unakoenda wanakujua?" Akanipa soksi za mume wake. Mungu ambariki.

Jioni Nsimire alikuja kunichukua na bakki, pikapu ya ranchi. Mashavu yamejaa, na anaendesha kama mwanaume wa malori wa Clairwood. Bosi wake, Annelie, mwanamke mrefu wa maneno machache, alinipa supu na kitanda karibu na jiko la kuni. Nsimire akanionyesha ski: mbao ndefu, nyembamba. Kiatu kinashikwa mbele tu, kisigino kinainuka, ndiyo maana mtu anaweza kupanda nazo mlima. Alikuwa ameshazipakaa nta chini zote, za wageni na zetu, akazisimamisha ukutani nje. Mambo ya nta nilisikia nusu. Nilikuwa namwangalia yeye.

Jumamosi, kabla jua halijatoka, niliamka kuomba. Kwetu mtoto akianza kazi mpya tunapakaa mafuta vitu vya kazi: mlango wa duka, kiti cha saluni, cherehani. Nikatoka nje, nikazigeuza zile ski, nikapakaa upande unaogusa theluji, maana hatari iko upande ule.

Tulipoanza, na mimi nimevalishwa ski kama wageni, kwenye tambarare tuliteleza vizuri. Hata mimi nilianguka mara chache tu. Lakini mlima ulipoanza, tunapanda hatua moja, tunarudi mbili. Mgeni mmoja wa Joburg, baba mnene, alirudi kinyumenyume polepole mpaka akamkalia mke wake.

"Vusi, unaenda wapi?"

"Nyumbani, nadhani."

Mimi nikaanza kukemea shetani chini kwa chini. Nsimire akainama, akagusa chini ya ski yake, akanusa kidole.

"Maman, umepakaa mafuta?"

"Nimeombea tu."

"Ski ngapi?"

"Zote. Sikubagua."

Akafumba macho kidogo. "Nta ndiyo inashika theluji tusirudi nyuma, Maman. Mafuta yameiharibu."

Annelie akafika, akauliza iko nini. Nilifungua mdomo niseme, Nsimire akanizuia. "Acha. Kiongozi ni mimi." Akamwambia bosi, "Ski ziko na mafuta. Nilipaswa kuziangalia asubuhi, sikuziangalia. Nazisafisha hapa hapa."

Akawakalisha wageni nyuma ya mwamba, upepo usiwapige, akawamiminia chai. Akakwangua ski moja moja, akapakaa nta mpya, akimtania Vusi huku vidole vimekufa ganzi. Nilitaka kumsaidia, akaniambia nikae na wageni wengine. Nikakaa. Halafu akasema tukanyage pale alipokanyaga yeye, na tukapanda. Hakuna aliyerudi nyuma. Juu kabisa Lesotho yote ilikuwa nyeupe mbele yetu, na mimi nikalia kidogo.

Jioni Annelie alimwambia Nsimire, "Kesho iko wageni wengine. Utawapeleka." Akanigeukia. "Na wewe, mama, ombea supu."

Jumatatu nilirudi Durban. Wamama wa kanisa wakaniuliza nani anamwangalia mtoto kule juu, kwenye baridi ile. Miaka yote nilijua kumwombea nikiwa mbele yake; mlimani nilikuwa nyuma. Nikawaambia kule juu ni yeye anaangalia watu, na mimi nilikuwa mmoja wao.